Jinsi tulivyozua harusi ya uongo ili tupate ukumbi wa mazoezi chuoni

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimekuja kujishtaki. Mtakayosoma yametokea. Fomu zenye sahihi yangu bado ziko ofisini, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi kuitia nyingi.

Mimi ni msichana wa Kisauni, mwaka wa tatu katika chuo kimoja huku Pwani. Chuo sikitaji, bado nataka kumaliza digrii.

Mwaka jana nilipimwa, daktari akaniambia presha iko juu. Miaka ishirini na mbili! Mama yangu ana presha na tumeshamkimbiza hospitali mara mbili. Niliogopa, sitaki kuwadanganya.

Daktari akasema fanya mazoezi. Kwake ni rahisi.

Uwanja wetu uko mkabala na kantini, na kwenye ukuta wa kantini huketi vijana ambao sijui husoma saa ngapi. Ukikimbia na buibui wanakuhesabia hatua kwa sauti. Gym ipo, lakini iko ghorofa ya pili, na saa ya wanawake ni kumi na mbili asubuhi, wakati sisi wa kutoka nyumbani bado tunatafuta viatu.

Nina rafiki yangu, Kadzo, wa Frere Town. Anatumia kiti cha magurudumu, na ana mikono yenye nguvu kuliko vijana wote wa kantini. Gym yenyewe anaijua kwa picha ya kwenye website tu, maana lifti hakuna.

Tukaenda kwa coach, afisa wa michezo. Si mtu mbaya, naomba mnielewe. Akatutolea fomu. Mchezo gani? Captain nani? Jezi rangi gani? Mnashindana na nani?

Tukamwambia hatushindani na mtu. Tunataka ule ukumbi mdogo wa chini, Jumatano alasiri, wanawake peke yetu.

"Hiyo si sport sasa," akasema. Akamgeukia Kadzo, "Na wewe utakuwa timekeeper, ama?"

Kadzo akacheka. Namjua miaka mitatu, kile hakikuwa kicheko.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Ukumbi ule hutolewa kwa shughuli gani bila maswali?"

Wote wawili tulijua jibu. Harusi.

Wasio wa Pwani niwaeleze kidogo. Shughuli za harusi za akina mama hazina mwanamume. Madirisha yanafunikwa leso, simu hazipigi picha, muziki unafunguliwa mpaka mwisho, na hakuna mtu anayeuliza mbona mnatoka mmelowa jasho. Mnaona wenyewe.

"Bibi harusi nani?" nikauliza.

"Mimi. Bibi harusi hukalishwa kitini, na kiti ninacho."

Nikajaza fomu. Kadzo si Mswahili, kwa hiyo bwana harusi tukamzua Mswahili wa Magogoni, ili mila ziwe za Kiswahili. Tukapewa funguo siku hiyo hiyo, na viti hamsini ambavyo hatukuviomba.

Mlangoni alikuwako Mzee Karisa, askari wa ukumbi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaninong'oneza, "Anaolewa huyu? Na nani?"

Kadzo akasikia. "Kuna foleni, mzee. Nikuandikie namba?"

Mzee aliona haya mpaka akatushikia mlango. Lakini ndani, siku hiyo Kadzo alitufundisha kwa hasira. Alikuwa ameketi mbele, anarusha mpira mzito, anatuhesabia. Sisi wenye miguu miwili tulikuwa tunaomba maji.

Wiki ya kwanza tulikuwa saba. Fomu ilisema kikao cha akina mama. Ya pili niliandika singo, kule kumsugua bibi harusi. Ya tatu hina, ya nne kupamba. Harusi ya Pwani ni ndefu, nani atashuku? Tukafika ishirini na tatu. Walikuja wenye mabuibui, wa kanisani, wanene kama mimi, na mmoja kutoka bara aliyedhani ni harusi kweli akaja na zawadi ya sufuria. Akabaki. Sufuria tunawekea barafu.

Wiki ya tano nikaharibu. Nilikuwa na mtihani, nikajaza fomu haraka haraka. Nikaandika singo.

Fomu hupitia kwa Bi Zuhura, msimamizi wa kumbi, mama wa Kisauni aliyeoza mabinti wanne. Angepitiwa na kila kitu, si hicho. Bibi harusi ameshapambwa, wiki inayofuata anasuguliwa tena?

Akaja na coach. Mzee Karisa akamzuia coach pale pale: "Mwanamume haingii hapa, hata uwe nani." Bi Zuhura akaingia peke yake.

Muziki ukazimwa. Nikaona digrii yangu inaondoka.

"Nyie wanangu," akasema, "huyo bibi harusi alilala jikoni, hata asuguliwe mara mbili?"

Nikamwambia yote. Presha, ngazi, fomu, vijana wa ukutani. Nilikuwa nalia. Akasikiliza, akawatazama wenzangu mmoja mmoja. Kisha akafunga mlango kwa komeo, akavua viatu, akamwambia Kadzo, "Haya mwalimu, nami nina goti."

Coach alisubiri nje dakika arobaini.

Kesho yake tukaitwa. Coach alitaka ukumbi ufungwe na mimi nipelekwe kamati ya nidhamu. Akamuuliza Kadzo, "Kwani wewe ulikuwa unafanya nini huko ndani?"

"Nilikuwa nafundisha."

Coach akatabasamu.

"Usicheke, coach," Bi Zuhura akasema, akiwa ameshikilia meza. "Tangu jana siwezi kuinuka bila kumwita marehemu mamangu. Aliyenifanya hivi ni huyu hapa, wallahi."

Coach akatazama miguu ya Bi Zuhura, akamtazama Kadzo. Akavuta ile fomu ya kwanza, ya michezo. Penye captain akakata, akaandika mkufunzi, kisha akamuuliza Kadzo jina lake kamili.

Wakuu, nilichojifunza: tulipoomba mazoezi tuliulizwa jezi, tulipoomba harusi tukapewa viti hamsini. Uongo siutetei, nilipewa onyo la maandishi na nilistahili. Ila wenye ofisi wajiulize kwa nini ilibidi.

Huko vyuoni kwenu mnafanyaje? Na vijana wa ukutani, mkiwamo humu, jiteteeni.

Kadzo aliomba aipige picha ile fomu yenye jina lake penye mkufunzi. Akanionyesha barua aliyopewa first year, ya kumsamehe michezo yote. Hakuwa ameomba kusamehewa.