Mwalimu Mkuu Aliyeacha Viboko

Nilikuwa na miaka tisa kazini, nikifundisha hesabu katika shule ya msingi upande wa Kakese, alipoletwa mwalimu mkuu mpya. Mama mfupi, sauti yake ya chini. Wiki mbili za kwanza hakubadilisha kitu. Alikaa madawati ya nyuma kwenye madarasa yetu, akatazama tu. Kisha akaitisha kikao.

"Kisheria, ruhusa ya viboko naitoa mimi," alisema. "Kuanzia Jumatatu sitaitoa."

Ofisi nzima ililipuka. Aliyesimama kumpinga ni mimi. "Mama, watoto hawa bila fimbo hawashikiki. Utatuharibia shule."

"Inawezekana," akajibu. "Basi wakiwashinda, niiteni. Nyie wote, hata mara kumi kwa siku."

Tulimwita. Nakiri kwamba mimi nilimwita kwa kumkomoa. Aliacha chai yake mezani, akaja, akachukua chaki na kuendeleza somo langu, huku akinituma nje na mtoto msumbufu nikamsikilize. Kila mara alikuja, na hata siku moja hakunikunjia uso. Wazazi nao walimjia juu, wakisema shule imekuwa uwanja wa michezo. Kelele zetu kweli zilisikika mpaka barabarani. Aliwapa viti, akawasikiliza, na Jumatatu iliyofuata hali ikawa ileile: hakuna viboko.

Mvua zilipokolea, binti mmoja wa darasa la tano alichelewa siku ya tatu mfululizo, sketi imelowa matope. Nilimchapa rula viganjani, mara mbili, kabla sijafikiri. Watoto wengine wakaficha mikono chini ya madawati. Sikupenda kuona vile.

Mchana mwalimu mkuu aliniita. Nilitegemea barua ya onyo.

"Umejuta?"

"Nimejuta, mama."

"Twende kwao."

Tulimkuta mama wa yule binti shambani, anapandikiza mpunga. Mwalimu mkuu alivua viatu, akakunja sketi, akaingia kwenye tope mpaka karibu na magoti.

"Pole na kazi, mama. Mwanao amepigwa kwenye shule yangu, na mimi niliahidi hapigwi mtoto. Nimekuja kuomba radhi."

Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta, pakavu, na aibu ikanishinda. Nikaingia majini na viatu vyangu.

"Ni mimi niliyempiga, mama. Nisamehe."

Yule mama alinyoosha mgongo, akatutazama kwa zamu. "Asubuhi ananisaidia kupandikiza kwanza, ndiyo maana anachelewa. Hakukwambia?"

"Sikumuuliza," nikasema.

Kesho yake niliwaeleza walimu wenzangu mwenyewe, bila kuagizwa. Hakuna aliyecheka. Kuanzia pale hatukumwita tena mwalimu mkuu kwa kumkomoa, na kidogo kidogo hatukuwa na sababu ya kumwita.

Muhula uliofuata, katikati ya somo la hesabu za sehemu, mtoto alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo sijaelewa."

Miaka yote ile hakuna mtoto aliyewahi kuniambia hivyo. Nilidhani wanaelewa, kumbe walikuwa wananiogopa.

Baadaye mwalimu mkuu yule alihamishiwa shule nyingine, upande wa Ugalla. Najua walimu wa huko nao walimpinga mwanzoni, maana aliniambia mwenyewe kwenye simu, akicheka. Nilipomuuliza anafanyaje, alisema bado anakaa dawati la nyuma.