Mjukuu Wangu na Bembea ya Tatu

Mjukuu wangu, huyu ninayemwita mke mwenza, anasomea kutunza bustani za mapumziko na viwanja vya michezo. Niliposikia mara ya kwanza nilimwuliza kama siku hizi watu wanafundishwa kupumzika. Akasema mimi ndiye ningefeli wa kwanza.

Chuo kikampeleka kujifunza kazi kwenye bustani ya mji, nyuma ya kituo cha mabasi. Bosi wa pale wafanyakazi wanamwita Mzee Kufuli. Si mtu mbaya, ila anataka bustani ikae kama sebule ya wageni. Bembea za watoto alikuwa akizizungushia kwenye chuma cha juu zisifikiwe, eti zisichakae. Wakubwa wa ofisini wakija zinateremshwa, wakiondoka zinarudi juu.

Mjukuu akamwomba ziachwe chini, akamwomba wee mpaka mzee akachoka akakubali. Kabla watoto hawajapanda, binti akachukua ngazi akazikagua. Mnyororo wa bembea ya tatu ulikuwa na pete iliyolika, imebaki kama uzi. Akaishusha, akaipeleka stoo. Zikabaki mbili, watoto wakawa wanapanga foleni na kusukumana.

Basi mwalimu wa chuo akasema anakuja kumpima. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana alama za mwalimu na za Mzee Kufuli zinajumlishwa, na asipofaulu anarudia mwaka. Mzee akasema bustani haitaonekana na pengo. Akaitundika ile ya tatu, pale palipolika akapazungushia waya. Mjukuu akamwambia haifai.

"Mwalimu si mtoto, hatapanda," mzee akamjibu. "Wewe nyamaza upate alama zako."

Siku hiyo nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi najifanya simjui mtu. Mwalimu akasifia maua, na mzee akawa anatembea naye kama bwana harusi. Walipofika kwenye bembea, watoto nao wakaja mbio. Mjukuu akawawahi, akaishika ile ya tatu.

"Mwalimu, hii imefungwa kwa waya. Naishusha."

Akaegemeza ngazi, akapanda. Mzee akamwambia ashuke, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza na ya pili. Hakushuka mpaka bembea ilipolala chini. Kichwa kile ni cha kwangu, si cha upande wa baba yake.

Mwalimu alimpa alama nzuri. Mzee Kufuli akamkata za utii karibu zote. Zilipojumlishwa, amefaulu kwa kupenya tu. Nikavaa viatu nikamweleze yule mzee yanayomhusu. Mjukuu akasimama mlangoni.

"Kaa, Bibi. Nimefaulu."

"Kwa alama hizo?"

"Kwa hizo hizo. Na bado sijamaliza pale, usinichafulie."

Nikavua kiatu kimoja. Cha pili nilikaa nacho mguuni mpaka chakula cha jioni, ajue sijakubali.