Mkono Aliounyosha Amuria

Nabei alizaliwa Lopur, nje kidogo ya Kakuma, na aliyemlea hakuwa mama yake bali dada yake, Amuria. Mama yao alifariki Nabei akiwa hajaota meno ya kutafunia nyama. Amuria mwenyewe alikuwa msichana tu, lakini ndiye aliyemtafunia, akamlisha kwa kidole, akachunga mbuzi huku amembeba mgongoni. Wanawake wa boma walipomtania kwamba hakuna mwanamume atakayemtaka akiwa na mzigo huo, alisema atakayemtaka yeye atawachukua wote wawili. Ikawa hivyo. Siku alipopelekwa kwa mumewe, Nabei alitembea nyuma yake ameshika nguo yake ya ngozi, wala hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Kiswahili Nabei alikipata kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa miaka mingi alipeleka kuni Kakuma kwa mwanamke mmoja Mkongomani wa Bukavu aliyeitwa Mama Onésphore, na kwa vile alipenda mazungumzo kuliko kuuza, alikaa hapo hadi jua linageuka. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. Kwake watu walikuwa batu, vitu bintu, na akishukuru alisema aksanti. Hakuwahi kusoma darasa hata moja, lakini lugha hiyo ndiyo iliyompatia kazi.

Ulikuwa mwaka 2012, ule ambao mafuta yaligunduliwa na kila mtu Lodwar akawa anazungumzia visima. Ukame mkubwa wa mwaka uliotangulia ulikuwa umekwisha, majani yameota kando ya laga, ile mito ya msimu, mbuzi wamenenepa. Ajabu ni kwamba walikuwa wakishika mimba na kuzitupa. Mtafiti mmoja kutoka Nairobi, jina lake Wahu, akaja kutafuta sababu. Kipngeno, afisa wa mifugo aliyemzungusha vijijini, ndiye aliyempeleka kwa Nabei, kwani zizi lake lilikuwa limepoteza mimba nyingi, na pia angeweza kuzungumza naye bila mkalimani. Wakamwomba ahamie na mbuzi wake kwenye mazizi ya utafiti, pembeni mwa Lodwar. Kazi yake ikawa kuwalisha, kuwakamua, na kuwashika shingo Kipngeno alipowatoa damu.

Damu ile iliwekwa kwenye sanduku la barafu, ikapelekwa uwanja wa ndege. Nabei aliiangalia ikiondoka mara kadhaa kabla ya kuuliza.

"Daktari, hii damu munapelekaka wapi? Banaangaliaka nini ndani?"

Wahu alikuwa amemweleza kwamba yeye si daktari wa watu, lakini jina lilikuwa limeshang'ang'ania. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akajaribu.

"Mama, ndani ya damu kuna chembe nyeupe. Hizo ni kama askari. Kitu kigeni kikiingia mwilini, zinakifukuza au zinakiua. Sasa fikiria mtoto aliye tumboni mwa mbuzi. Nusu yake ni ya mama, nusu ni ya beberu. Kwa hiyo ni mgeni. Kwa nini askari hawamfukuzi?"

Nabei alifikiri. "Banamujua."

"Hapana. Kuna kitu kinawaambia walale, na wanalala mpaka mtoto azaliwe. Kwa mbuzi wako wengine, nadhani askari wanaamka mapema. Nataka kujua nani anawalaza, na nani anawaamsha."

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshika moto wa maelezo, Wahu akaongeza jambo ambalo baadaye alitamani angelimeza. Alisema saratani nayo imejifunza hila ileile. Inakua mwilini, askari wanaiona, nayo inawaambia walale. Huko ng'ambo kuna wagonjwa wachache wameanza kujaribiwa dawa za kuwaamsha, na mtu akielewa vizuri tumbo la mbuzi, huenda siku moja akasaidia hata huko.

Nabei aliyahifadhi maneno hayo kama habari ya kupeleka nyumbani. Alipopata lori la kwenda Kakuma, aliingia Lopur akiwa na hamu ya kumsimulia dada yake. Lakini jioni ile, nyama ilipogawanywa, alimwona Amuria akipitisha fungu lake kwa wengine.

"Dada, huli?"

"Nimeshiba."

Safari iliyofuata, alikuwa ameacha posho pia, yaani ugali. Alikunywa uji, tena kwa kusimamasimama, mkono umewekwa kifuani kana kwamba anakisukuma kitu kishuke. Mumewe alikuwa amemwita emuron, mwaguzi wa boma. Mbuzi mweusi akachinjwa, Amuria akapakwa mavi ya tumbo la mbuzi huyo, na kwa siku chache alisema anajisikia nafuu. Kisha hata uji ukaanza kurudi.

Nabei alipofika tena, alichukua kipande cha nyama laini, akakitafuna mpaka kikawa kama maji, akakitoa kwa kidole na kumlisha dada yake. Amuria alifumba macho akameza. Wakangoja. Kikarudi chote, pamoja na uzi mwembamba wa damu.  Nabei alimfuta mdomo, akainuka akafunga mzigo, na kesho yake wakawa njiani kwenda Lodwar.

Hospitali ya Lodwar iliwatuma Eldoret, ambako Amuria alitiwa kamera kooni na kipande kidogo kikakatwa kikapimwa. Kipngeno, ambaye kwao si mbali na huko, aliwatafutia jamaa zake wa kuwapokea. Majibu yaliandikwa kwa Kiingereza. Nabei alirudi nayo Lodwar akampelekea Wahu, akasimama mbele yake akimtazama usoni anaposoma, na akayajua kabla hajaambiwa.

"Ni saratani ya umio, mama. Njia ya chakula."

"Ile ya kulaza maaskari?"

Wahu aliikunja ile karatasi. "Ndiyo," alisema. "Ile."

Huko Eldoret Amuria aliwekewa mrija mdogo wa kuifungua njia, akaanza dawa ya saratani ya kuingizwa mshipani. Kwa muda aliweza kunywa maziwa. Alikaa na Nabei katika kibanda chake karibu na mazizi, akashinda kwenye kivuli cha mti wa mathenge akiwakosoa mbuzi wa utafiti mmoja mmoja: huyu miguu imepinda, yule ana jicho la wizi. Nywele zake zilipoanza kutoka alizicheka. Alikuwa na shanga nyingi shingoni, tabaka juu ya tabaka, na kadiri alivyokonda ndivyo zilivyozidi kuonekana nzito, lakini hakukubali zivuliwe hata moja.

Ndipo homa ikaja. Walipompima Lodwar, waliambiwa chembe nyeupe zimeshuka mno na dawa haiwezi kuendelea mpaka zipande. Nabei alitoka hospitalini moja kwa moja hadi kwa Wahu, kwa miguu, jua likiwa kali.

"Dawa gani hii inaua maaskari, inaacha mwizi?"

"Inaua wote wawili, mama. Tunatumaini mwizi atakufa kwanza. Ndiyo dawa tuliyo nayo."

"Na ile ingine? Ile ya kuamusha?"

"Haijafika hapa. Na hata ingefika, sijui kama ingesaidia ugonjwa wake. Hakuna anayejua bado."

"Wewe unasema mbuzi bangu batasaidia."

"Nilisema siku moja." Wahu alikuwa amefumbata mikono mapajani. "Siku moja inaweza kuwa miaka ishirini. Nilikosea kukuambia kama vile ni karibu. Nisamehe, mama."

Nabei aliokota ndoo. Alikwenda akawanywesha mbuzi maji, akarudi kibandani, akamweleza dada yake kila kitu kama kilivyosemwa, maana baina yao hakukuwa na desturi ya kufichana. Amuria alisikiliza huku akichora mchangani kwa kidole. Kisha akaomba ainuliwe.

Walimkuta Wahu na Kipngeno zizini, sindano zimepangwa kwenye sinia, mbuzi wa kwanza ameshafungwa. Amuria akapita mbele ya mbuzi yule, akaketi kwenye gogo, akaunyosha mkono wake uliobaki mifupa na bangili. Alizungumza Kiturkana, na Nabei akafasiri.

"Anasema batu batoe damu yake pia."

Wahu aliweka sindano chini. "Mwambie siwezi."

"Anauliza sababu gani."

"Ruhusa yangu ni ya mbuzi tu. Damu ya mtu haitolewi hivihivi, kuna kamati Nairobi lazima ikubali. Mwambie pia..." Alisita. "Mwambie haitamsaidia. Sitaki adhani itamsaidia."

Nabei alifasiri. Amuria alitoa sauti ya kukereka, kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi kwa mara ya tatu.

"Mwambie sitaki inisaidie. Anatafuta anayewalaza askari. Kwa mbuzi anabahatisha, lakini kwangu huyo yupo, yuko ndani, anakula chakula changu. Aje amwangalie. Mbuzi hawakuulizwa. Mimi nimejiuliza mwenyewe na nimekubali."

Nabei aliyafasiri maneno hayo yote, kisha akayarudia tena ili yasikike. Kipngeno aligeuka akajifanya anaikaza kamba ya mbuzi. Wahu alipiga magoti mchangani, akaushika mkono ule uliokuwa bado umenyooshwa, akaukunja polepole na kuurudisha kwenye paja la mwenyewe.

"Nitawauliza Nairobi," alisema.

Na kweli aliuliza. Alipiga simu, akaandika, akasubiri. Waliomjibu walikuwa watu wema, wakasema ombi la namna hiyo halikatazwi ila lingechukua miezi kadhaa, na lingehitaji daktari wa wagonjwa aliongoze. Amuria alipoelezwa, alicheka kidogo, akashika koo.

"Miezi ni yao," alisema. "Nipelekeni nyumbani."

Kipngeno aliwapeleka Lopur kwa gari la mradi. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2013, uchaguzi umekaribia, na barabara ya Kakuma ilijaa magari yenye vipaza sauti yakiahidi maji, shule na mafuta. Amuria alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Nabei, akauliza hao wanapigia nani kelele. Nabei akamwambia wanaomba kura. "Basi wamechelewa kwangu," alisema.

Mrija ulikuwa umeziba. Mwishoni alikuwa akilowanishwa midomo tu, kwa kitambaa kilichochovywa maziwa. Jambo lililomuumiza Nabei kupita yote ni kwamba dada yake hakufa kwa uchungu mkali aliouogopa. Alikufa kwa njaa, katika mwaka wa mvua nzuri, maziwa yakiwa yamejaa vibuyu vilivyoning'inia juu ya kichwa chake. Alikata roho mchana, watu wakiwa wamekwenda kunywesha mifugo. Nabei aliendelea kukilowanisha kitambaa kwa muda kabla ya kukubali kwamba hakuna anayekinyonya. Kisha akazivua zile shanga mwenyewe, tabaka baada ya tabaka, na hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa.

Baada ya maziko alirudi Lodwar kwa sababu mbuzi walikuwa kule. Wahu alijaribu kumwambia pole, akaanza kulia yeye, na Nabei ndiye aliyembembeleza. Majibu ya mbuzi yalipatikana mwaka ule. Wengi walikuwa na vijidudu vinavyoharibu mimba, wakatibiwa. Waliobaki walitupa mimba bila sababu kuonekana, na hao ndio Wahu aliowaandikia kurasa nyingi. Fedha za mradi zikaisha, mazizi yakabomolewa, na siku ya kuondoka Nabei alimsindikiza Wahu hadi uwanja wa ndege, wakiwa wamelibeba sanduku la barafu katikati yao.

"Na yule wa kulaza maaskari," Nabei aliuliza, "umemupata?"

"Bado, mama."

"Utaendelea kumutafuta?"

"Nitaendelea."

"Basi ni muzuri. Aksanti."

Alisema hivyo bila uchungu, kama Wahu alivyohadithia baadaye, na ndiyo sababu neno hilo lilimchoma. Nabei aliwaswaga mbuzi wake hadi Lopur, kwa hatua za pole, kwani majike kadhaa walikuwa wazito. Walizaa wote. Hakuna mimba iliyotupwa zizini mwake msimu ule, na wanawake wa boma wakaja kumpongeza. Aliwapokea, akawakaribisha, akawajazia vibuyu. Walipoondoka, alikaa na maziwa yaliyobaki, fungu ambalo lingekuwa la Amuria, akayatazama yanavyoganda, kisha akawamwagia mbwa.