Mshipa wa Mbuzi Nilioutanua Mbele ya Wazee

Mimi nina stashahada ya ufundi wa vifaa tiba, niliyoipata ughaibuni kwa jasho langu, na Karatu nzima inajua kwa sababu nimeitangaza mwenyewe. Kazi yangu ni kubuni stenti, vile vijibomba vya wavu wa chuma vinavyotanuka ndani ya mshipa ulioziba ili damu ipite.

Wiki iliyopita daktari alimwambia mjomba wangu wa Soitsambu kwamba bila stenti moyo wake hautamfikisha mbali. Mjomba, mfugaji mkaidi, akagoma. Nikaenda kumshawishi, moyo wangu ukidunda kuliko wake.

Nilikuta wazee wenzake wamechinja mbuzi. Mishipa yote niliyowahi kuigusa ilikuwa ya plastiki, lakini nikachagua mrija mkubwa kuliko yote, nikawaambia huo ndio mshipa mkuu wa damu. Nikaingiza sampuli yangu ya stenti, nikaitanua.

“Mnaona ulivyosimama wazi?” nikatamba. “Hiyo ni kazi yangu.”

Wazee wakatazamana. Nikajua mjomba nimempoteza.

“Mpwa wangu,” akasema taratibu, “hilo ni koo la pumzi. Lilikuwa wazi kabla hujafika.”

Nikaanza kuichomoa stenti, naye akainyooshea kidole.

“Na hicho kidude cha moyoni mwangu atakitia nani? Wewe?”

“Hapana, mjomba. Daktari.”

“Basi nitakwenda,” akasema. “Wewe baki hapa, wazee wakufundishe mbuzi.”