Kandambili za Rozalia

Siku ya kwanza Hadija alipofika kwa Leodgar, pale Kidahwe, injini ya kukamulia mawese ilizimwa kabla hajafungua mdomo. Alidhani imeharibika, akafurahi kimoyomoyo: mwenye mashine mbovu hushusha bei.

Kumbe mzee alikuwa anamtazama miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pita juu ya mawe, mama. Hayo hayo."

Hadija alipokanyaga jiwe la mwisho ndipo injini ikawashwa tena.

Mawese yenyewe yalikuwa mekundu, hayana tone la maji. Ujiji wangeyagombea. Alitaka madumu ishirini kila wiki, kwa kuwa mashine yake ndogo, huko mbele barabara ya Kasulu, haikutosheleza wateja. Akataja bei. Leodgar akamuuliza jambo jingine kabisa.

"Shimo lako la maji machafu umelizungushia uzio?"

"Mzee wangu, nimekuja kununua mafuta, sijaja kuchumbiwa. Shimo langu la nini?"

"Basi mafuta hakuna."

Hadija akapandisha bei. Akapandisha tena, jambo ambalo wauza dagaa wa Ujiji wanaomjua wasingeliamini. Mzee akampeleka nyuma ya banda. Palikuwa na uzio wa miti, na juu yake zimening'inia kandambili za buluu zilizopauka kwa jua.

"Za Rozalia. Alituletea mikungu mitatu ya chikichi. Sisi tulikuwa tunamwaga machicha, yale makapi ya chikichi, juu ya shimo kuua harufu, kama mnavyofanya nyote. Yalikauka, pakawa kama uwanja. Akakatiza hapo juu kwenda kunawa mtoni. Tukadhani ameshaenda zake. Jioni, kandambili hizi zikaelea shimoni."

"Hakupiga kelele?"

"Injini ilikuwa inaunguruma. Sasa ikiwaka tu, namsikia. Nikiizima, kimya."

"Lakini ilikuwa ajali."

"Hata mumewe alisema hivyo. Machicha nilimwaga mimi."

Hadija aliondoka na madumu matupu, akimlaani mzee na nauli yake. Alipofika kwenye mashine yake alimkuta Jeremia, msimamizi wake, akisambaza machicha juu ya shimo kwa koleo.

"Pamekauka vizuri, mama. Hata baiskeli inapita."

Hadija akachukua mti mrefu, akauchomeka. Ulizama hadi kwenye ngumi yake, bila sauti. Ndipo alipoona nyayo juu ya machicha, nyembamba, za mtu asiye na viatu. Zilifika karibu na katikati, zikageuka.

"Nani kapita hapa?"

"Sijui, mama. Injini ilikuwa inawaka."

Wiki ile alijenga uzio. Leodgar alikuja mwenyewe, akautikisa mti mmoja mmoja, akamuuzia madumu ishirini kwa bei ile ya kwanza kabisa. Ziada yote aliyokuwa ameahidiwa hakuigusa. Alichopata ni shimo moja kupungua kati ya yale yanayomkosesha usingizi. Rozalia hakumwacha.

Hadija alipata mafuta, na wateja wake Ujiji waliongezeka. Ila mashine yake siku hizi hutoa madumu mawili pungufu kila siku, kwa sababu kila anapotokea mtu njiani inazimwa. Jeremia hulalamika.

"Mama, mwenyewe bado yuko mbali kule!"

"Zima."

"Tunasubiri nini?"

"Zima, nipate kusikiliza."