Mama Mkwe Upande wa Pili wa Uwanja

Mume wangu na mama yangu wanapendana sana, ila kwa mbali. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi: hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawali meza moja. Nairobi imelegeza mengi. Wapo kina mama wa rika lake wanaokumbatiana na wakwe zao harusini mpaka wanapigwa picha, lakini mama yangu hataki hata kusikia. Akimwona mume wangu anakuja njiani, hukata kona. Yeye anaishi Kariobangi, sisi tuko Umoja, na kabla ya kuja kunitembelea hupiga simu kuuliza kama mkwe wake yuko kazini.

Shida ilianza mume wangu alipofanywa kocha wa timu ya pale Kariobangi, timu ambayo mama alikuwa akiishangilia kabla hata mimi sijaolewa. Mama anauza mboga za kienyeji, mrenda na saga na kunde, na kibanda chake kinatazama uwanja. Siku ya mechi hufunika mboga kwa gunia bichi, kisha huenda kusimama kwenye mstari. Sasa, upande wa kibanda ndio wenye benchi la kocha. Ikabidi ahame. Alihamia ng'ambo, upande wa mtaro wa majitaka, mwanzoni akiwa peke yake, kisha watu wakamfuata kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu kuliko mechi yenyewe.

Maana mama hanyamazi. Kumfokea mkwe ni mwiko, kwa hiyo alinifokea mimi. Sauti ilivuka uwanja mzima: nimwambie mtu wangu namba sita amechoka, nimwambie mtu wangu kipa amelala. Nami nilimsogelea mume wangu kwenye benchi nikamwambia yale aliyokwisha kuyasikia vizuri kabisa, nikiwa nimeyatia sukari kidogo. Alinijibu kwa adabu kwamba nimwambie mama amesikia. Nikizunguka goli kupeleka majibu, tayari tumefungwa jingine.

Na tulifungwa kweli. Mume wangu alikuja na imani mpya: hakuna tena kubutua mpira mbele na kuukimbilia. Alitaka vijana wapasiane chini, taratibu, kuanzia kwa kipa. Uwanja wetu ni vumbi na changarawe, na umeinama kuelekea mtaroni. Pasi ya kwanza ilifika, ya pili ikaruka jiwe, ya tatu ikawa ya mpinzani. Wiki baada ya wiki tulirudi nyumbani na vumbi na aibu.

Basi mtaa mzima ukagawanyika. Kwa kinyozi walibishana, sokoni walibishana, nje ya kanisa walibishana Biblia zikiwa kwapani. Sikuweza kununua nyanya bila kuulizwa msimamo wangu. Wanaotaka aende waliongozwa na fundi mmoja wa mageti, mtu mwenye karakana pale jua kali, kwenye mabanda ya mafundi, na sauti ya kushinda nyundo zake. "Huyu msee aende tu," alikuwa akisema. "Tunapigiana pasi mpaka tunajinyang'anya wenyewe." Kinyozi, ambaye alikuwa upande wetu, alimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Fundi akamrudishia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba lake limeshauma msimu mzima. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, halafu nikajichukia kwa kucheka.

Kwa sababu nilimjua mume wangu. Anafanya kazi kiwanda cha sabuni, na kule huambiwa: beba hiki, simama pale. Uwanjani huulizwa. Vijana ishirini wanamzunguka wakingoja aseme neno, na akilisema wanalijaribu. Nilikuwa nimemwona akiamka kabla ya saa yake, akipanga vifuniko vya soda mezani na kuvisogeza kimoja kimoja, uso wake mchangamfu kama wa bwana harusi. Wakimnyang'anya timu, ningebaki na mtu wa kula na kulala tu.

Mashabiki walipoitisha kura ya kuamua kama aende au abaki, kilichoniuma zaidi ni mama. Fundi alianza kutangaza kwamba hata mama mkwe wake kocha amemchoka, nani asiyemsikia kila Jumamosi? Nikaenda kibandani kumuuliza mama waziwazi. Alikuwa anachambua mrenda. Hakuinua uso. Akaniambia siku ya kura nitaona, na nisimwage majani yake. Niliondoka nimefura kama chapati juu ya kikaango.

Kura ilikuwa Jumapili baada ya ibada, palepale uwanjani. Mwenyekiti wa mashabiki, mzee mstaafu wa reli, alikataa karatasi. Alisema mara ya mwisho walipopiga kura ya siri, kura zilizidi watu. Tungepiga mlolongo. Anayetaka kocha aende apange foleni nyuma ya fundi. Anayetaka kocha apewe muda hadi mwisho wa msimu apange nyuma ya kocha mwenyewe. Wote wawili wangetazama ukuta wa shule ulio nyuma ya goli, wasigeuke, ili wasimtishe mtu kwa macho.

Mstari wa fundi ulijaa papo hapo, watu wakisukumana kwa furaha kama wanagawiwa sukari. Nyuma ya mume wangu nilisimama mimi. Nyuma yangu kinyozi. Nyuma ya kinyozi vijana wachache wa timu, kisha hakuna mtu. Wengi walisimama pembeni wakipima upepo, kwa kuwa watu wetu hupenda kusimama palipojaa. Niliutazama mgongo wa mume wangu na shati lake la kanisani, nikatamani kumpiga mtu.

Hapo mama akavuka uwanja.

Hakuwahi kuvuka kocha akiwa upande huu. Kelele zilipungua. Alitembea polepole, leso kiunoni, akaufikia mstari wa fundi, na watu wakaanza kumpisha huku wakitabasamu. Akawapita. Akaja upande wetu, lakini hakufika. Alisimama nyuma yetu kwa mbali sana, karibu na katikati ya uwanja, akiwa peke yake, ameelekea ukutani kama sisi.

Mwenyekiti alimuuliza yuko mstari gani. Mama akasema wa kocha. Mwenyekiti akamwonyesha kwamba mstari wa kocha umeishia kule mbele.

"Yule ni mkwe wangu, siwezi kumsogelea," mama akasema. "Jazeni hapo katikati."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Fundi, akiwa bado anautazama ukuta, alipaza sauti kwamba kura ya mbali haihesabiki, na kwamba mama huyu ndiye anayemlalamikia kocha kuliko watu wote.

"Ndiyo, namsema," mama akajibu. "Namsema kwa sababu nataka ashinde. Ni siku gani ulinisikia nikisema aende?"

Wa kwanza kuja walikuwa wale wa upande wa mtaro, wenzake mama, wakikimbia na leso zao. Kisha waliokuwa pembeni. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu, watu wakaanza kuchomoka kwenye mstari wa fundi, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli. Pengo likawa linajaa. Wengine waliingia kwa kucheka, wengine kwa kuona ni aibu kumwacha mama wa watu amesimama juani peke yake. Nilikuwa nalia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Mwenyekiti alijaribu kuhesabu, akapotea, akaanza upya, akaacha.

Mume wangu hakuwa ameona lolote. Alikuwa amesikia kicheko tu, na masikio yake yalikuwa yameiva.

"Mama watoto, wananicheka nini?"

"Hawakucheki. Mama yuko kwenye mstari wako."

Niliona mabega yakipanda na kushuka. Nikadhani atageuka, lakini hakugeuka, maana kugeuka kungekuwa kumtazama.

"Ana nafasi ya kutosha?" akauliza.

Nilitazama nyuma. Watu walikuwa wamesongamana hadi kwa mama, wanaanza kumbana. Nikamwambia hana.

Mume wangu akapiga hatua mbele, kisha nyingine, mpaka paji la uso likagusa ukuta wa shule, na mstari wote ukasogea mbele kumfuata.