Mtaro Nyuma ya Nyumba ya Mama

Kiwanda cha nguo kiliponipunguza kazi pamoja na nusu ya wafumaji wenzangu, nilikaa nyumbani Ukonga miezi kadhaa, mke wangu akichoma vitumbua na mimi nikigombana na kila aliyekuja kununua. Kilichonitoa barazani ni kitambaa. Kulikuwa na mradi wa kufunga dampo la zamani huko Temeke, bondeni, nyuma kabisa ya nyumba ya wazazi wangu. Siku moja nilikwenda kuwajulia hali, nikakuta marobota meupe yameshushwa kando ya kilima cha taka. Nikaenda kuyapapasa. Mhandisi wa mradi, Mhindi mzaliwa wa Dar aliyeongea Kiswahili kizuri kuliko mimi, akaniuliza nimepoteza nini pale. Nikamwambia kitambaa chako hiki hakikufumwa, kimeshindiliwa kwa sindano, na katikati mmeweka wavu wa plastiki. Akacheka. Kesho yake nikawa msimamizi wa vibarua wake.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Taka zilisawazishwa, zikafunikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ukawa mgumu, juu yake tukatandaza ule wavu uliovalishwa kitambaa pande zote mbili, halafu udongo wa kawaida, halafu nyasi. Kitambaa huzuia udongo usiingie, wavu huyapa maji njia. Mvua ikinyesha, maji yanapenya udongo wa juu, yanaufikia wavu, yanateremka nao mpaka chini ya kilima na kutokea kwenye mtaro uliojazwa kokoto. Yakikosa pa kutokea yanajaa humo ndani, na udongo wa juu unabaki umekalia maji.

"Sahau yote niliyokufundisha," mhandisi aliniambia, "lakini mdomo wa wavu usizibwe. Ukizibwa, udongo wote huu unashuka."

Mtaro ule ulipita nyuma ya nyumba yetu, hatua kumi kutoka chumba cha mama.

Mama alitaka kuhama tangu zamani. Alichoka na moshi wa dampo na nzi waliokaa juu ya wali kabla ya watu. Ndugu yake alikuwa na kiwanja Mtoni, akamwambia njoo. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimshika mkono nikampandisha kilimani, nikamwonyesha nyasi zilivyoshika, nikamwambia sasa hili si dampo tena, mama, kilima hiki hakiendi popote. Nilijivuna. Nilikuwa nimepata kazi baada ya kudharauliwa, na nilitaka mama yangu aishi chini ya kazi yangu. Akaniamini.

Baba alifariki kazi imeshakwisha na mhandisi ameshahamia mikoani. Alifariki alfajiri, nami nikafika saa nne asubuhi kutoka kufuatilia sanda na gari. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilikuta wanaume wa mtaa wametoka jasho. Walikuwa wamechota kokoto zote za mtaroni wakazimwaga mlangoni kwenye matope. Mtaro wenyewe wameujaza kifusi na udongo wa mfinyanzi uliobaki wa mradi, wakaushindilia kwa miguu na magogo, wakafagia. Ulikuwa uwanja safi, wa kutosha turubai mbili na majamvi.

Mjumbe wa nyumba kumi alinishika bega. "Pole sana, braza. Sie tumekutengenezea kiwanja. Mzee wetu hatuwezi kumuaga watu wamekalia shimo."

Waliacha vibanda vyao sokoni, hawakula kitu tangu alfajiri. Nami nilijua wameziba nini. Nilijua pale pale.

Nikasema, "Ahsanteni, Mungu awalipe."

Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote, na sijapata namna nyingine ya kuyasema mbele ya maiti ya baba. Lakini siku ya pili je? Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa? Nilimwambia mjumbe, kwa sauti ya kuomba, kwamba ule mtaro ni wa mradi, yafaa tuufukue. Akashangaa. "Watu bado wanakuja kutoa pole, unataka wakute mashimo? Na hitima ya arobaini tutaisomea wapi? Ngoja arobaini ipite, sie wenyewe tutakuchimbia." Nikahesabu siku, nikatazama mbingu, kavu. Nikaona aibu kuchukua jembe na kufumua heshima ya watu. Mwoga ni mimi. Nilimwogopa mjumbe kuliko nilivyoiogopa mvua.

Na mama alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani. Mvua za vuli zilipoanza mapema, arobaini haijafika, nilikwenda kumwomba aje kwangu Ukonga.

"Shikamoo mama. Njoo ukae kwangu, mvua ni kubwa."

"Marahaba, baba. Nitoke na eda, watu waseme mume wangu hana hadhi?" Kisha akatabasamu. "Mbona wewe mwenyewe ulisema kilima hakiendi popote?"

Sheikh angemruhusu, nilijua, penye hatari mjane hutoka. Lakini ili nimwendee sheikh ilinibidi niseme kuna hatari, na ili niseme kuna hatari ilinibidi niseme nani aliiona ikiwekwa akashukuru. Nikamwachia unga na mafuta ya taa, nikaondoka. Nikajiambia kesho nakuja na jembe, liwalo na liwe.

Kesho yake nilifika adhuhuri, jembe begani, mvua imeanza kupungua. Watu walikuwa wamejaa nyuma ya nyumba wakipiga kelele. Udongo wa juu ulikuwa umeshuka wote upande wetu. Taka hazikutikisika hata kidogo. Zilibaki zimefunikwa vizuri, na wavu wetu ulionekana huko juu, mweupe, umeoshwa. Ni ule udongo tu na nyasi zake, umekuja ukakaa juu ya chumba cha mama, nyasi zimesimama kana kwamba ziliota pale. Wanaume wale wale walichimba nami. Tulimkuta kwenye mswala wake.

Sikulia siku ile. Wakati wanawake wanamwosha, nilichukua sururu nikaenda pale palipokuwa mtaro. Nyuma yangu nilimsikia mtu akisema mwacheni, ana uchungu. Nilichimba kifusi, nikachimba mfinyanzi waliokuwa wameushindilia kwa ajili ya baba, mpaka sururu ikagusa kitambaa. Nikakifunua kwa mikono. Maji yakafoka, yakanilowesha mpaka kifuani, yakaendelea kutoka, mengi, kama alivyosema mhandisi kwamba yatatoka.

Mjumbe alisogea, akakinga kiganja, akanusa. Yalikuwa safi, hayana harufu yoyote ya taka. Akayatazama yakipita katikati ya ule uwanja, halafu akaniuliza kwa upole sasa majamvi ya mama watandike wapi.